Mgema na Maji: Historia ya Kuchanganya Pombe Kanazi na Nchi ya Ngara

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii imezoeleka mno hata wengi wanaoitumia hawaufikirii tena mnazi wala kibuyu. Humfikiria tu mtu aliyeleweshwa na sifa. Lakini kabla haijawa fumbo la tabia ilikuwa ni shitaka la mnunuzi. Tembo la mnazi hushuka kutoka mtini likiwa kamili: mti umelitoa, hewa imelichachua, na mkono wa binadamu umelikinga tu. Kila kinachoongezwa baada ya hapo ni wizi, na maji, ambayo kwingine ni baraka, hapa huwa ushahidi wa hila. Ndivyo mnazi ulivyowafundisha watu wa mwambao kuvihukumu vinywaji, wanywaji na wasiokunywa: kilicho safi hakikuchanganywa, na kilichochanganywa si safi.

Hukumu hiyo hupoteza nguvu zake kadiri mtu anavyoiacha bahari. Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mahali ambapo mito ya Ruvubu na Kagera inaikata nchi na mipaka ya Rwanda na Burundi inakaribiana, iko wilaya ya Ngara, na ndani yake kata ya Kanazi. (Kanazi hii isichanganywe na ile ya karibu na mji wa Bukoba, palipokuwa na makao ya mukama Kahigi.) Mti wa pombe huko ni mgomba, na mgomba hautoi pombe, hutoa ndizi. Kuanzia ndizi hadi kibuyu, kila hatua ni kazi ya kuchanganya. Maji hutiwa mchana kweupe, mbele ya watu wa nyumbani na majirani, na anayekijua kiasi chake ndiye fundi. Kwa hiyo swali ambalo historia ya pombe ya Ngara inamwekea msomaji si kama kinywaji kimechanganywa. Swali ni nani amekichanganya, mbele ya nani, na kwa ajili ya nani.

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyosaidia kulijibu swali hilo. Cha kwanza ni kuzimua, yaani kupunguza ukali au joto la kitu kwa kutia kingine, hasa maji. Cha pili ni kuchanganya, ambacho hakisifu wala hakilaumu. Huviweka pamoja vitu viwili au vitatu na kusubiri matokeo. Cha tatu ni kughushi, kitenzi cha sokoni na mahakamani, kinachosema kwamba mchanganyo umefanywa ili anayenunua asijue. Tendo la mkono laweza kuwa lile lile katika vyote vitatu: chombo kimoja kinainamishwa juu ya kingine. Tofauti iko katika macho yanayotazama. Historia inayofuata ni ya namna kitenzi cha kwanza na cha pili vilivyotawala katika vilima vya Ngara kwa muda mrefu, na namna cha tatu kilivyoingia.

Ngara ni nchi ya Wahangaza upande wa Bugufi na Washubi upande wa Busubi, na lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Wakati wa Wajerumani Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mipaka mipya iliiacha ndani ya Tanganyika chini ya Waingereza, huku Urundi ikiwa chini ya Wabelgiji. Kwa upande wa Biharamulo ilikuwako nchi ambayo wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliiita Usui. John Hanning Speke alicheleweshwa huko mwaka 1861 na mtawala wake, Suwarora, aliyedai ushuru, kabla hajaruhusiwa kuendelea hadi Karagwe kwa Rumanika. Katika kitabu cha safari yake, kilichochapishwa mwaka 1863, Speke alilitumia neno pombe kama alivyolipokea kutoka kwa wapagazi na wakalimani wake wanaosema Kiswahili. Neno hilo lilikuwa limekwisha kusafiri na misafara, na lilifunika kila kitu kilichochachuka: cha mtama, cha mahindi, cha ndizi. Lilikuwa neno la wageni. Wenyeji walikuwa na maneno mengi zaidi, kwa sababu walikuwa na michanganyo mingi zaidi.

Kwa Kirundi, na kwa jirani zake wa Bugufi wanaokisikia, pombe ya ndizi ni urwarwa. Ile nzito isiyozimuliwa sana ni insongo. Ya mtama ni impeke. Wanyarwanda husema urwagwa. Wahaya wa kaskazini husema olubisi, na Kiswahili cha Kagera kimelichukua neno hilo kuwa rubisi. Kinyarwanda kina pia majina ya pekee, kama inkangaza na inturire, kwa vinywaji vilivyotiwa asali. Msomaji wa visiwani asidhani kwamba utajiri huu ni wa bara pekee: kamusi za Kiswahili zenyewe zinahifadhi wanzuki na kangara, majina ya pombe ya asali, na dengelua ya miwa. Lugha haitunzi majina ya namna hii isipokuwa kwa watu walioonja tofauti.

Kazi yenyewe huanza kwa uteuzi. Si kila ndizi hufaa. Katika mashamba ya Maziwa Makuu migomba ya kupika hukaa pamoja na migomba ya pombe, ambayo Wahaya huiita embire. Ndizi zake ni chungu na kavu ulimini, na asiyejua angezitupa. Uchungu huo ndio faida yake. Zikiiva na kukandwa, nyama yake hushikamana na kubaki chicha, na maji yake hutoka yakiwa mepesi na safi. Ndizi tamu ya kupika ikifanyiwa hivyo hugeuka uji tu. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado mibichi, ikaivishwa kwa joto, ama juu ya dari la jikoni penye moshi, ama ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto. Siku kadhaa baadaye wanga umekuwa sukari. Hapo ndizi huwekwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, zikachanganywa na majani makavu ya nyasi, zikakanyagwa kwa miguu au kukandwa kwa mikono mpaka povu litokee na maji yaanze kutengana na chicha. Majani hayo hayanywewi, lakini ni kiungo pia: huyapa maji njia ya kupita na kuyachuja.

Maji ya kwanza hutoka mazito na matamu. Watoto hunywa, na mtu asiyekunywa kileo hupewa sehemu yake hapo, kabla chochote hakijachachuka. Baadaye chicha husuuzwa kwa maji, na msuuzo huo ndio uamuzi mkubwa wa kwanza wa mchanganyaji. Akitia maji kidogo, atapata pombe nzito ya kukirimu wachache. Akitia mengi, atapata nyepesi ya kuwatosha wengi. Kuzimua hapa si udanganyifu wala ubahili. Ni hesabu ya idadi ya wageni. Pombe ya kumalizia kazi ya kulima shamba la jirani haiwezi kuwa sawa na pombe ya mahari, na aliyealikwa hujua kwa onjo la kwanza ameitwa kwa jambo gani.

Kisha huja mtama. Hukaangwa, husagwa, na unga wake hunyunyizwa juu ya maji ya ndizi, chombo kikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa mahali penye joto kwa siku moja, mbili au tatu. Mtama huleta rangi, ladha ya moto na uzito mdomoni, na huisaidia chachu kufanya kazi yake. Ndizi tayari ina sukari yake. Haihitaji kimea kama ihitajiwavyo na pombe ya nafaka tupu. Hivyo katika chombo kimoja zimekutana njia mbili za kale za kutengeneza kileo, ile ya tunda na ile ya nafaka, na kila moja imeipa nyingine kilichopungua.

Vitu hivyo viwili havina asili moja. Mtama ni mzaliwa wa Afrika. Mgomba ni mgeni: mababu zake walikuzwa Asia ya kusini-mashariki na visiwa vyake, wakavuka Bahari ya Hindi, wakapanda bara kwa njia ambazo wataalamu bado wanazijadili, na wakapata katika vilima vyenye mvua vya Maziwa Makuu makazi yaliyowafaa hata aina nyingi mpya zikazaliwa huko huko. Kibuyu cha Kanazi, kilichoko mbali na bahari kuliko karibu kila kitu Tanzania, kina ndani yake zao lililovuka bahari hiyo hiyo iliyovileta visiwani mnazi na mkarafuu. Aidha, kwa desturi ya sehemu nyingi za nchi hizi, mgomba ulikuwa mali na kazi ya mwanamume, na mtama ulilimwa, ukapepetwa na kusagwa na mwanamke. Nyumba isiyokuwa na mmoja wao ililazimika kwenda kuomba kwa jirani.

Asali ilikuja mwisho, na haikuja kila siku. Ilitiwa katika pombe ya mtu wa heshima: mkwe, mtawala, mzee aliyesuluhisha ugomvi. Sukari yake huirejesha chachu kazini na kukiongezea kinywaji nguvu, na harufu yake hutangaza gharama kabla ya neno lolote la mwenye nyumba. Wanaotafuta katika Afrika ya Mashariki mfano wa kale wa kile ambacho hoteli za leo huita kokteli ya bia, yaani pombe iliyokwisha kuwa pombe na kisha ikabadilishwa kwa kiungo cha pili, hawana haja ya kutazama mbali zaidi ya hapo. Neno kokteli lenyewe lilifafanuliwa kwa mara ya kwanza katika gazeti la mji wa Hudson, jimbo la New York, mwezi Mei mwaka 1806: pombe kali, sukari, maji na dawa chungu. Vitu vinne; na viwili kati yake, utamu na maji, ni vile vile vinavyopimwa na mkono wa fundi wa Ngara.

Kilichoufanya mchanganyo huo uaminiwe hakikuwa kipimo, kwa sababu kipimo hakikuwako isipokuwa katika ulimi wa mpishi. Kiliufanya uaminiwe ni utaratibu wa kunywa. Mwenye pombe huonja kwanza. Huweka mrija au mdomo wake pale pale atakapoweka mgeni, na wote wakimwona. Ndipo chombo kinapozunguka. Desturi hiyo, inayojulikana pande zote za Kagera na ng'ambo ya mipaka, wageni wengi waliieleza kuwa ni hofu ya sumu. Hofu ilikuwamo. Lakini desturi ilisema zaidi ya hapo: ilisema kwamba aliyechanganya anabeba matokeo ya mchanganyo wake. Robert Carlson, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeandika mwaka 1990 kuhusu pombe ya ndizi miongoni mwa Wahaya wa Bukoba, alionyesha jinsi kibuyu kilivyowafunga watu katika mzunguko wa kupeana, kutoka kwa jirani hadi kwa mtawala na hadi kwa mizimu, ambapo kila kinachotolewa hudai kurudishwa. Naye mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu pombe za Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1850, alihimiza kwamba pombe hiyo haikuwa ya usawa wa ndotoni: wazee waliitumia kuonyesha mamlaka yao, na kijana au mwanamke alipewa kwa kiasi walichotaka wao. Maelezo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Chungu kiliunganisha na kilipanga; kila mtu aliuona mrija wake uko wapi.

Wakoloni wa kwanza walikuja na fikra nyingine ya usafi. Mwaka 1516, mjini Ingolstadt, watawala wa Bavaria walitangaza sheria kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Sheria hiyo, iliyohusu bei na uhaba wa ngano kama ilivyohusu ubora, iligeuka baadaye kuwa fahari ya taifa, na mwaka 1906 kanuni yake ilienezwa katika Dola yote ya Ujerumani. Katika miaka hiyo hiyo maofisa wa dola hiyo walikuwa wamekaa Bukoba, kituo kilichoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, na katika boma la Biharamulo, wakizungukwa na watu ambao pombe yao ilikuwa na ndizi, mtama, maji, majani na pengine asali. Kwa kanuni ya mwaka 1906 kilichokuwa ndani ya vibuyu vile kisingeweza kuitwa bia hata kidogo. Kwa kanuni ya vibuyu, kinywaji cha Wajerumani kilikuwa na kasoro tofauti: kilifika kimezibwa, na aliyekitengeneza hakuwapo kukionja.

Waingereza walipochukua Tanganyika walikuta tayari mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, uliozuia pombe kali za biashara kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika na kukataza ukenekaji wake huko. Pombe za kienyeji ziliwekwa katika fungu lake, zikahitaji vibali pale zilipouzwa, na vinywaji vya chupa viligawanywa kwa rangi ya mnywaji kabla ya kugawanywa kwa uwezo wa mfuko wake. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Sheria ililinda kwa kupuuza: ilipoitazama pombe ya Kanazi kama jambo dogo la wenyeji, iliiacha kama ilivyokuwa. Lakini ilipanda pia fikra kwamba chupa ni cheo, na kibuyu ni ushamba, na fikra hiyo haikuondoka pamoja na bendera.

Kukeneka ndiko kulikoleta mgawanyiko wa kwanza katika ule umoja wa chungu. Pombe ya ndizi ikichemshwa katika pipa na mvuke wake kupozwa kupitia bomba, hutoka kileo kikali, cheupe kama maji, ambacho Wahaya walikiita enkonyagi kwa jina lililosafiri kutoka mji wa Cognac nchini Ufaransa. Rwanda na Burundi hukiita kanyanga, Uganda, waragi, Kenya, chang'aa, na sehemu kubwa ya Tanzania, gongo au moshi. Jamhuri ya Muungano ilitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966 kudhibiti utengenezaji wake, na Sheria ya Vileo mwaka 1968 kusimamia leseni za kuuza. Kabla hata ya kuipima afya ya wanywaji, mtu angeona jambo jingine: pombe ya ndizi haifichiki, kwani mtumbwi ni mkubwa, harufu husikika hadi njiani, na kinywaji huharibika ndani ya siku chache, kwa hiyo lazima jirani waitwe. Gongo haliharibiki, hubebeka katika chupa ndogo, na hutengenezwa usiku. Kwa mara ya kwanza mchanganyaji alipata kinywaji ambacho hakikumlazimisha kuwaita watu.

Bia ya kiwandani nayo ilikuwa inazidi kuteremka vijijini. Viwanda vya bia vya Tanzania vilitaifishwa kwa sehemu kubwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwaka 1993 nusu ya hisa ziliuzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini. Upande wa pili wa mpaka, kiwanda cha Bujumbura kilikuwa kikitengeneza Primus tangu zama za Wabelgiji. Kisha ikaja misiba ya mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kwa muda mfupi mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania, hadi kambi za Wanyarwanda zilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1996. Watu waliokuja walikuwa wanywaji wa urwagwa, wenye lugha ambayo Mhangaza anaielewa. Ndizi na mtama vikapata soko. Lakini soko la umati usiojuana si karamu ya kilima. Anayeuza kwa watu asiowajua, na ambao kesho hawatakuwapo, hahitaji kuonja kwanza, wala hahofii kudaiwa kurudisha.

Hali hiyo haikuwa ya Ngara peke yake. Ndiyo iliyokuwa hali ya miji yote ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa ikikua, na katika miji hiyo kitenzi cha tatu kilionyesha mwisho wake. Mwezi Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, kileo cha viwandani kinachofanana na kile cha kunywa kwa macho na karibu kwa ulimi pia. Mwilini methanoli hugeuka kuwa tindikali inayoshambulia mshipa wa jicho. Aliyeitia alitaka jambo lile lile alilolitaka mgema wa methali, yaani faida kubwa kutoka katika pombe kidogo. Tofauti ni kwamba mgema alizimua, na mnunuzi wake alirudi nyumbani amekasirika tu. Huyu alikoleza, na wanunuzi wake hawakurudi. Ulimi wa mnywaji, ambao kwa karne nyingi ulikuwa hakimu, haukuweza tena kutoa ushahidi.

Tanzania ilikuwa na tatizo lake katika umbo dogo zaidi. Pombe kali iliuzwa katika vifuko vya plastiki vilivyoitwa viroba, kwa bei ya mtu mwenye shilingi chache, na vijana wengi walizoea kukimimina kiroba ndani ya bia ili chupa moja ifanye kazi ya tatu. Hiyo nayo ni kokteli ya bia, na huenda ndiyo iliyonywewa zaidi ya zote nchini. Serikali ilivipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi mwaka 2017. Ukitazamwa kwa macho ya fundi wa Kanazi, mchanganyo huo ulikuwa umegeuza kila kitu juu chini. Asali ilitiwa katika pombe ili mgeni ajue kwamba ameheshimiwa. Kiroba kilitiwa ili mnywaji afike upesi mahali asipohitaji kujua lolote. Hata kitenzi kuzimua kimepinduliwa: katika Kiswahili cha vilabuni siku hizi, kuzimua ni kunywa asubuhi ili kuiondoa taabu ya pombe ya jana. Neno lililokuwa la mpishi, la kupunguza ukali kabla ya kuwapa watu, limekuwa la mlevi, la kuongeza pombe juu ya pombe.

Na sasa viungo vyenyewe viko hatarini. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioonekana Uganda mwaka 2001, ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Mgomba ulioambukizwa hunyauka majani, ndizi zake huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na hauna dawa: hung'olewa na kuzikwa. Ugonjwa huenezwa na panga lisilosafishwa na pia na wadudu wanaotembelea ua la dume la mgomba, nyuki wakiwamo. Nyuki yule yule mwenye asali ya wageni wa heshima. Baadhi ya aina za ndizi za pombe ndizo zinazopata maambukizo ya wadudu kwa urahisi zaidi, kwa maumbile ya maua yake. Wakulima wamefundishwa kulikata ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda na kuyapitisha mapanga motoni. Aina mpya zilizozalishwa Honduras zilisambazwa Kagera kati ya mwaka 1997 na 2002, na zimekubalika kwa mavuno yake, lakini kila aina mpya humlazimisha mpishi ajifunze upya kiasi cha maji yake na kiasi cha mtama wake. Migomba yaweza kupandwa tena katika mwaka mmoja. Ulimi unaojua kiasi hauna mche wa kupandikiza.

Kiwanda, kwa upande wake, kimeanza kurudi mahali ambapo kibuyu kilikuwa zamani. Uganda ilianza kuuza bia ya chupa ya mtama mwaka 2002, na mjini Arusha divai ya ndizi hutiwa chupani na kupelekwa madukani ikiwa na lebo na kiwango cha kileo kilichopimwa. Haifai kuyadharau maendeleo haya. Lebo ni namna ya kuonja kwanza mbele ya mgeni: hutangaza kilichomo na humtaja aliyekitia, ili akidanganya ashitakiwe. Katika mji ambamo hakuna anayemjua mpishi, pengine ndiyo njia pekee iliyobaki ya kukifanya kitenzi cha pili kisiwe cha tatu. Lakini lebo haiwezi kusema mchanganyo huu ni wa mahari au ni wa kulima, wala kwamba asali hii imetiwa kwa ajili yako.

Methali ya pwani, ikisomwa tena baada ya safari hii, haionekani kuyalaumu maji. Mgema hakukosea kwa kuzimua. Wapishi wa Bugufi wamezimua maisha yao yote na wakaheshimiwa. Alikosea kwa kulitia maji akiwa peke yake, juu ya mnazi, mahali ambapo mnunuzi hakuweza kuona, kisha akashuka na kibuyu bila kukionja kwanza. Katika nyumba za Kanazi ambazo bado zina mtumbwi wa kukamulia, kosa hilo ni gumu kulitenda, kwa sababu mtumbwi uko uani, na watoto wameuzunguka wakisubiri sehemu yao ya maji matamu.